Nani Analipa Bonasi?

Katika soko la Nyawera, komune ya Ibanda mjini Bukavu, bei ya nyanya hubishaniwa, bei ya kitenge hubishaniwa, hata bei ya kubebewa mzigo hubishaniwa, lakini kitu cha bure hakibishaniwi. Kampuni ya simu ikigawa dakika, nyumba ya pari, yaani ya kamari ya michezo, ikitoa tiketi ya kwanza bila malipo, kiwanda cha bia kikificha zawadi chini ya kizibo, mtu yule yule aliyesimama muda mrefu akitetea franga mia mbili hunyoosha mkono na kupokea. Haulizi pesa hiyo imetoka wapi. Ni vizuri tuulize kwa niaba yake. Swali lenyewe limewasumbua watu wa kasino duniani kote: je, ni haki mtu kuchukua zawadi ambazo nyumba ya kamari huwapa wateja wake waaminifu, ilhali yeye hana uaminifu wowote, amefuata zawadi tu, na amekwisha kupiga hesabu kwamba nyumba ndiyo itakayopata hasara? Bukavu haina kasino za fahari kama za Las Vegas au Macau. Ina kitu kinacholifaa swali hili zaidi, yaani kumbukumbu ndefu ya ahadi za pesa za bure, nyingine zilizotoka Kinshasa, nyingine zilizozaliwa mitaani, pamoja na kumbukumbu ya waliozila na waliozilipa.

Tuanze na kadi ya uaminifu, ambayo kwayo zawadi hizo hugawiwa. Mwaka 1997 kampuni ya Harrah's ya Marekani, iliyokuwa na kasino katika majimbo kadhaa, ilianzisha kadi moja ya kutumika katika kasino zake zote. Mchezaji huichomeka kwenye mashine, na kila anachofanya huandikwa: muda aliokaa, mchezo alioupenda, kiasi alichopoteza kabla ya kuinuka. Kwa kukubali kuchunguzwa hivyo hupewa pointi, chakula, kitanda cha hoteli, na mara nyingine pesa za kuchezea. Gary Loveman, aliyetoka kufundisha Harvard akaja kusimamia mpango huo, alieleza hadharani mwaka 2003 jambo ambalo kadi hizo zilifichua: asilimia 26 ya wachezaji ndio walioleta asilimia 82 ya mapato. Wala hawakuwa matajiri wanaoshuka kwenye magari marefu. Walikuwa watu wa makamo na wastaafu, walimu, mafundi wa mitambo, wafanyakazi wa benki, wenye jioni ndefu na pesa kidogo ya ziada. Nyumba, kwa hiyo, haitoi zawadi kutoka kwenye urithi wa babu yake. Inawarudishia wapotezaji sehemu ndogo ya walichopoteza ili wasikose kuja kesho, na mjanja anayechukua bila kupoteza anakula katika sehemu hiyo. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Hapa ametokea mtu wa tatu, anayemlia mgema.

Mtu huyo wa tatu amekwisha kufika mahakamani zaidi ya mara moja, na hukumu zilizotoka zinafundisha. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey iliamua kwamba kasino ya Resorts International haikuwa na haki ya kumfukuza Ken Uston kwa sababu tu alikuwa akihesabu kichwani karata zilizokwisha kutoka. Kufikiri, hata kufikiri kwa faida, hakukuwa kosa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimkatalia Phil Ivey pauni milioni 7.7 alizoshinda mwaka 2012 katika kasino ya Crockfords, London. Ivey hakuficha karata mkononi wala hakumhonga mtu. Yeye na mwenzake walimwomba mgawa karata azigeuze baadhi yake, wakisingizia imani za bahati, kumbe walikuwa wameona kwamba michoro ya mgongoni haikulingana pande zote mbili na wangeweza kuzitambua kabla hazijafunuliwa. Mahakama ilisema huo ni udanganyifu. Kati ya hao wawili yuko Don Johnson, ambaye mwaka 2011 alizikuta kasino za Atlantic City zikiwa na njaa ya wateja wakubwa, akakubaliana nazo zimrudishie asilimia 20 ya hasara yake na kulegeza kanuni kadhaa za blackjack. Zilikubali kwa hiari. Aliondoka na takriban dola milioni 15 kutoka Tropicana, Borgata na Caesars, na hakuna aliyeweza kumshtaki kwa lolote, kwa kuwa kila sharti lilikubaliwa na mwenye nyumba.

Wanasheria wakiishia hapo, wanatuachia kipimo kimoja tu: je, umesema uongo? Ni kipimo kizuri, lakini hakitoshi. Historia ya Kongo inadai kipimo cha pili, na kwa maoni yangu ndicho kizito zaidi: ukiisha kuondoka na zawadi, nani anabaki na deni? Mtu anaweza kuwa mkweli kutoka mwanzo hadi mwisho, akafuata kila kanuni iliyoandikwa, na bado akawa amemnyang'anya jirani yake. Ushahidi wa hilo hauko Las Vegas. Uko katika Kongo yenyewe, wakati ilipoitwa Zaire, katika miezi ya mwisho ya mwaka 1990 na miezi ya kwanza ya 1991.

Ili kuielewa miezi hiyo ni lazima kukumbuka serikali yenyewe ilivyokuwa imezichezea pesa za watu. Mwezi wa Desemba 1979 Rais Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa. Mipaka ilifungwa, muda wa kubadilisha ulikuwa mfupi, kiasi cha kubadilisha kiliwekewa kikomo, na watu waliokuwa wameweka akiba zao nyumbani, kwa kuwa benki ilikuwa mbali au haikuaminika, waliamka wakiwa na makaratasi. Kivu, eneo la mji wa Bukavu na nchi ya wafanyabiashara wa kahawa, ng'ombe na dhahabu ambao wengi walishika pesa taslimu, haikuwa mahali pa kulichukulia hilo kama habari ya redioni tu. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 20 Mei 1976, rais huyo huyo alikuwa ameuambia umati wa Kinshasa kwamba anayeiba aibe kidogo na kwa akili. Watu walikuwa na jina la falsafa hiyo tangu siku za Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji mwanzoni mwa miaka ya 1960: Kifungu cha 15, yaani jitafutie mwenyewe. Mtoto aliyekulia katika utawala huo alijifunza kwamba pesa ni kitu kinachochukuliwa mapema au kinachopotea, na kwamba aliyechelewa hana wa kumlaumu.

Ndipo akaja Michel Bindo Bolembe na kampuni yake ya Bindo Promotion. Ilipokea akiba za watu mjini Kinshasa na kuahidi faida ambayo hakuna benki yoyote ingeweza kuitoa, na mwanzoni iliitoa kweli. Waliotangulia walilipwa. Walionunua magari walionekana barabarani, na magari yale ndiyo yaliyokuwa tangazo. Kampuni nyingine zikafuata njia hiyo hiyo, watu wakauza friji na mabati ili wapate cha kuweka, na homa yenyewe ikapewa jina la bindomanie, ambalo mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki alilitumia mwaka 1992 katika jarida la Politique africaine alipoandika juu ya michezo ya pesa na madaraka katika machweo ya Jamhuri ya Pili, yaani utawala wa Mobutu. Wakati wenyewe ulisaidia. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alikuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja, kila mtu alisubiri kitu kipya bila kujua ni kipi, na mfumuko wa bei ulikuwa unapanda kuelekea zaidi ya asilimia 2,000 kwa mwaka 1991. Aliyeacha pesa zake zilale alikuwa anazitupa. Katikati ya 1991 mchezo ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na kiwanda, hapakuwa na mgodi wala shamba nyuma ya ahadi zile. Faida ya aliyetangulia ilikuwa akiba ya aliyefuata.

Hapa ndipo mjanja wa Kinshasa anapotofautiana na Don Johnson, ingawa akili zao zilifanya kazi moja. Walikuwapo watu walioelewa mapema kwamba kampuni hiyo haiwezi kudumu. Waliingia siku za kwanza, wakachukua, wakatoka, na kwa kipimo cha wanasheria hawana hatia: hawakusema uongo, walikubali masharti yaliyotolewa, walitumia mwanya ambao mwenye nyumba aliuacha wazi. Lakini mfuko walioufungua haukuwa wa Bindo. Ulikuwa wa mama aliyeuza friji wiki mbili baadaye. Ninajua jibu ambalo wengi hulitoa: kila mtu alijua, au angepaswa kujua, na aliyeingia mwisho aliingia kwa tamaa ile ile. Sehemu ya jibu hilo ni kweli. Tamaa ilikuwa ya wote. Ujuzi haukuwa wa wote, na ndiyo maana mchezo uliwezekana; wote wangejua, pasingepatikana wa kuingia pili. Zaidi ya hayo, kila aliyelipwa na kuonekana akilipwa aligeuka kuwa ushahidi wa uongo hata kama alifunga mdomo. Gari lake lilimsemea.

Hii si aibu ya Kongo peke yake, na wenye kupenda kuicheka Kinshasa wakumbuke ya kwao. Nchini Kenya, upatu wa piramidi uliosambaa katikati ya miaka ya 2000 uliwapotezea watu karibu laki moja na nusu zaidi ya shilingi bilioni 8, kwa hesabu ya kikosi kazi cha serikali. Tanzania ilikuwa na DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, ambapo waumini walihimizwa «kupanda mbegu» na wakangoja «kuvuna», na wachungaji waliiongoza. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za wa mwisho, kama Kinshasa.

Sasa linganisha na likirimba, kwa maana ndiyo taasisi ya pesa ambayo wanawake wa masoko ya Bukavu wanaijua kuliko benki. Watu kumi wanakubaliana kutoa kiasi sawa kila wiki, na kila wiki mmoja wao anabeba chote. Kwa macho ya mgeni, anayebeba wiki ya kwanza anafanana sana na aliyetangulia kwa Bindo: ametoa sehemu moja, amepokea kumi, na tisa kati ya hizo ni jasho la wengine. Tofauti inaanza baada ya kupokea. Wa kwanza katika likirimba amekopeshwa na wenzake wote bila riba, na wa mwisho amewakopesha wote bila riba. Kila wiki inayofuata wa kwanza huyo ana deni la kulipa, na wote wanajua nyumba yake iko wapi. Akihama kimya kimya baada ya kubeba, hakuna atakayemwita mjanja. Ataitwa mwizi, na mama yake ataulizwa kisimani. Basi kuchukua mapema, kuchukua kingi, hata kuchukua cha wengine, si ubaya kwenyewe. Ubaya unakuja pale ambapo kuna mtu anayengoja zamu ambayo wewe umekwisha kuila.

Kuna kadi nyingine katika miji ya Kongo, ya zamani kuliko ya nyumba za pari, na inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ni kadi ya uaminifu kwa maana kamili. Ni kipande cha karatasi ngumu chenye vyumba 31, kimoja kwa kila siku ya mwezi. Mwenye kadi, muuza samaki au fundi viatu, humpa mkusanyaji kiasi kile kile kila siku, na mkusanyaji hutia alama au sahihi katika chumba cha siku hiyo. Mwisho wa mwezi mwenye kadi hurudishiwa zote isipokuwa za siku moja, ambazo ni mshahara wa mkusanyaji. Mchumi wa chuo atasema huyo maskini analipa ili atunziwe pesa zake mwenyewe, kwamba riba yake inakwenda kinyumenyume. Ni kweli, na anajua. Ananunua jambo ambalo Harrah's haikuliuza: mtu anayepita kila siku kumzuia asizile pesa zake. Kadi ya kasino hukusanya alama ili mtu atumie zaidi, na kadi ya mkusanyaji hukusanya alama ili atumie kidogo. Na bei yake iko wazi tangu siku ya kwanza, chumba kimoja kati ya 31, mahali ambapo hata asiyejua kusoma anaweza kuihesabu kwa kidole.

Kwa nini mambo haya madogo yakadumu Bukavu wakati makubwa yalianguka? Jibu liko katika orodha ya yaliyoanguka. Mwanzoni mwa 1993 noti ya zaire milioni tano ilikataliwa na wafanyabiashara, askari wa Kinshasa waliolipwa nayo wakapora mji, na mwezi wa Oktoba mwaka huo zaire mpya moja ikabadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Tarehe 29 Oktoba 1996, vita vya waasi wa AFDL vilipoingia Bukavu na wenye vyeo wakiwa wamekwisha kuukimbia mji, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyebaki na watu, aliuawa pale pale Nyawera. Wengi walio nje ya Kivu wanalijua jina la mahali hapa kwa sababu ya siku hiyo tu. Wakaja waasi wa RCD tangu 1998, ikaja franga ya Kongo, na Februari 2025 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafunga milango, pesa taslimu zikawa adimu, na wakala wa pesa kwa simu akawa ndiye benki. Katika mji kama huo uaminifu si neno la matangazo. Ni mali inayohesabiwa. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema swali la maadili ya bonasi ni anasa ya watu walioshiba. Walioshiba wakidanganyana, mahakama zipo. Nyawera, anayeuharibu uaminifu anaiharibu benki pekee iliyobaki.

Lakini pingamizi kubwa halijajibiwa bado. Mtu atasema: nyumba za michezo na kampuni zenyewe ni walaghai wa kwanza, anayewalia promosheni zao anarudisha tu kilichoibwa. Pingamizi hili lina mifano ya kutosha. Ufilipino, mwaka 1992, Pepsi iliendesha mchezo wa namba chini ya vizibo vya chupa, na tarehe 25 Mei ikatangaza kwamba namba 349 imeshinda zawadi kubwa. Ikaonekana kwamba vizibo vya namba hiyo vilivyochapwa vilifika laki nane. Kampuni ilisema ni hitilafu ya kompyuta, ikatoa peso 500 kwa kila mwenye kizibo badala ya milioni moja, na ghasia zilizofuata ziliua watu. Mnywaji wa Bukavu anayeweka vizibo kwenye kopo hahitaji kuelezewa hasira hiyo. Mwaka huo huo nchini Uingereza, Hoover iliahidi tiketi mbili za ndege kwa kila anayenunua bidhaa za pauni 100 tu. Watu walinunua mashine za kufagilia ambazo hawakuzihitaji, wakadai safari zao, na kampuni ikapata hasara ya karibu pauni milioni 50. Mwaka 1995 kitengo chake cha Ulaya kikauzwa kwa Candy ya Italia. Kwa wanunuzi wa Hoover siwezi kupata kosa hata kidogo. Kampuni iliandika ahadi ikitumaini kwamba wengi hawataidai. Kuidai ahadi iliyoandikwa si wizi, hata kama aliyeandika alitegemea uvivu wako.

Kwa hiyo pingamizi hilo naliafiki nusu. Nyumba ikitoa ahadi, na ahadi ikitoka kwenye faida yake, anayeichukua kwa jina lake mwenyewe yuko huru. Hata hoja kwamba faida hiyo ilitoka kwa wapotezaji haimfungi, kwa sababu akiiacha haitarudi kwao. Itabaki kwa nyumba na kuwa tangazo la kesho. Siwezi kumtaka kijana wa Nyawera awe mlinzi wa mahesabu ya kampuni ya pari kuliko kampuni yenyewe. Wako pia wanaosema, wakiwa msikitini au kanisani, kwamba kamari ni haramu na faida yake ni haramu kwa njia yoyote, na kwao mjadala huu wote hauna haja. Nawaheshimu, na wana neno moja zito ambalo wajanja hawapendi kulisikia: wengi wanaoingia kwa ajili ya bonasi tu hawatoki na bonasi tu. Nyumba inajua hivyo. Bonasi nyingi hufungwa kwa sharti la kuchezwa mara kadhaa kabla ya kutolewa, na sharti hilo limewekwa kwa makusudi ya kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Anayejiona mwindaji ajiulize kwanza ni nani aliyeutega mtego.

Nusu nyingine ya pingamizi naikataa, na sababu yake iko kwenye laini za simu. Siku hizi akaunti ya pari hufunguliwa kwa namba ya simu, na bonasi hutolewa kwa akaunti mpya. Mwenye namba moja anapata bonasi moja, mwenye namba ishirini anapata ishirini. Sasa, laini husajiliwa kwa kitambulisho, na Kongo, kwa miaka mingi bila kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho: ile kadi yenye picha ya mtu, iliyopangiwa foleni tangu alfajiri kwenye kituo cha uandikishaji, ambayo mtu huionyesha kila mahali anapodaiwa kuthibitisha yeye ni nani. Anayetaka laini ishirini anahitaji kadi za shangazi, binamu na jirani. Wengine huazima kwa maneno matamu, wengine kwa franga chache. Mwenye kadi hajui jina lake linafanya nini. Akaunti ikifungiwa, ni jina lake linalofungiwa. Laini ikitumika baadaye kumlaghai mtu, ni yeye atakayetafutwa. Hapo vipimo vyote viwili vinamshika mjanja kwa pamoja. Amesema uongo kama Ivey, na amemwachia mwingine deni kama waliotangulia kwa Bindo. Haisaidii kusema kampuni ni tajiri, maana aliyelipa bonasi hiyo si kampuni peke yake. Shangazi ameweka rehani jina lake bila kujua.

Kunabaki tukio moja linaloleta ugumu wa kweli, na silitolei jibu jepesi. Kati ya 2004 na mwanzoni mwa 2012 jimbo la Massachusetts liliendesha bahati nasibu iliyoitwa Cash WinFall. Zawadi kuu ikifika dola milioni mbili bila mshindi, pesa zile zilishushwa kwenye zawadi ndogo, na wiki hizo tiketi ya dola mbili ilikuwa na thamani kubwa kuliko bei yake. Wastaafu wawili wa Michigan, mume na mke wa jina la Selbee, pamoja na kikundi kilichoanzia kwa wanafunzi wa chuo cha MIT, waliligundua jambo hilo na kununua tiketi kwa malaki. Mkaguzi wa jimbo alipochunguza, ripoti yake ya 2012 ilionyesha kwamba hazina ilipata fungu lake katika kila tiketi waliyonunua. Hakuna aliyedanganywa, na serikali ilifaidika. Lakini dola milioni mbili zile zilijengwa na nani? Na watu wa kawaida walionunua tiketi moja moja katika wiki ambazo hesabu ilikuwa dhidi yao. Kwa kipimo changu, hawakuachiwa deni: walikuwa wamekwisha kununua nafasi yao na kuipata, na hakuna zamu waliyokuwa wakiingojea. Nawaona akina Selbee kuwa hawana hatia, ingawa naelewa anayehisi kwamba kuna kitu hakikukaa sawa.

Kibanda cha Nyawera kina mtu ambaye hakuwapo Massachusetts. Wakala anayeuza tiketi na kupokea pesa za simu hufanya kazi kwa kamisheni, na mtaji unaozunguka ni wake au wa kukopa. Mjanja akipata mwanya katika promosheni ya leo, akautumia mara nyingi kupitia kibanda hicho kimoja, na kampuni baadaye ikaamua kumkata wakala badala ya kumeza hasara yake yenyewe, basi pesa za nyumba hazikuguswa kabisa. Zilizoguswa ni za jirani, yawezekana ni za likirimba ya wiki hii. Mjanja atasema hakuyajua masharti kati ya kampuni na wakala wake, na mara ya kwanza nitamwamini. Akirudi kesho yake kwenye kibanda kile kile, akiwa amekwisha kusikia nani alikatwa, kwangu hana utetezi, hata kama mbinu yake ni halali kwa kila herufi ya kanuni za promosheni.